Msimweke Marehemu Dukani

Nimepata meseji yenu, nyinyi vijana mlioachiwa blogu yetu. "Mambo dada, tumekuta templeti nyingi kwenye blogu, kila kategori na ya kwake, zinatuchanganya. Tunataka tuzifute tubaki na moja. Kuna shida?"

Kwanza, mtu aliyekutangulia kazini huamkiwa, hata kama amekuzidi miaka michache na ana mtoto anayenyonya. Pili, ndiyo, kuna shida. Niliisoma meseji hiyo nikiwa Mwankoko kwenye shamba langu la vitunguu, nikakasirika mpaka nikang'oa kitunguu ambacho hakijakomaa. Nikaona nikiwajibu papo hapo nitawatukana. Afadhali niandike kwa utulivu, na wengine wanaoanza kazi hii nao wasome. Utulivu wenyewe sijaupata mpaka sasa. Naandika hivyohivyo.

Mimi nimestaafu. Chekeni. Hata mama yangu alicheka: "Unastaafu nini wewe, uzazi wenyewe hujamaliza?" Lakini nyinyi mnaijua kazi hii. Ukikaa nayo muda mrefu kidogo, vitu ulivyojifunza kwa jasho vinageuka vya kizamani, na anakuja kijana anayeburuta visanduku kwa kidole na kupata kwa asubuhi moja kilichokuchukua msimu mzima wa mvua. Siwaonei wivu. Burutani tu. Ninachotaka mjue ni kwa nini kile kisanduku kiko pale kilipo, kabla hamjakiburuta.

Nilianza kwa Mama Salome, mwalimu mstaafu mwenye duka la steshenari mjini. Mbele kulikuwa na mashine ya fotokopi na kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti, na kwenye kona, nyuma ya maboksi ya karatasi, ndipo ilipokuwa kompyuta ya blogu. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi, basi. Blogu yenyewe ilikuwa ya mkoa wetu: bei za alizeti na vitunguu, wauza kuku, mechi za Jumapili, mikutano ya injili, maulidi, na matangazo ya misiba. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyosomwa kuliko yote. Mtu wa kwetu akiwa Mwanza au Dar hafungui blogu kuangalia bei ya alizeti. Anafungua kujua nani amekufa.

Aliyenifundisha ni Kaka Elia, fundi kompyuta aliyesoma chuo Dodoma akarudi nyumbani. Mtu mpole, anaongea kama anayesinzia. Siku zile kila chapisho lilivaa sura moja, na sura hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wauza kuku, kwa sababu ndio waliokuwa wateja wetu wa kwanza. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na kitufe cha kijani: "Agiza sasa, tunakuletea mpaka mlangoni." Chini yake: "Bidhaa nyingine utakazopenda."

Nadhani mmeshaanza kuona tunakokwenda.

Alikufa bibi mmoja wa hapo mjini, tukaweka tangazo na picha yake. Asubuhi nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa mtani wa ile familia, na mtani kwenye msiba mnajua hana mpaka.

"Hodi hapa dukani! Nimekuja kumchukua bibi."

Mama Salome akauliza, "Bibi gani, baba?"

"Huyu mliyemtangaza. Mmeandika mnaleta mpaka mlangoni, nimesubiri wee, hola. Nikasema labda pikipiki imeharibika, ngoja nimfuate mwenyewe." Akaonyesha simu yake. "Na hapa chini mmeweka jogoo watatu. Hawa ndio warithi?"

Watu waliokuwa wanasubiri fotokopi walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Nami nilicheka. Halafu nikamwona mlangoni mjukuu wa yule bibi, aliyekuja na huyo mtani kuchapisha ratiba ya ibada. Huyo hakucheka. Alisimama na flashi yake mkononi akisubiri tumalize.

Mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha. Kompyuta haina ruhusa hiyo, kwa sababu kompyuta si ndugu wa mtu.

Jioni hiyo Elia akanikalisha. "Umewahi kuona wale wanaokodisha viti?"

"Nimewaona."

"Viti vyao ni vilevile, vya plastiki. Kwenye harusi wanavipanga kuelekea meza kuu. Kwenye msiba wanavitoa nje, wanavitawanya vivulini, watu wanakaa wakiangaliana. Sasa wewe fikiria fundi anayepeleka msibani mpango wa harusi, na meza kuu, na zulia jekundu. Viti havina kosa. Aliyevipanga hakuuliza anakwenda wapi."

Hiyo ndiyo templeti, wanangu. Maneno ni viti. Templeti ni mpango wa viti.

Elia alikuwa na jeraha lake pia. Alishawahi kurekebisha faili za thimu yenyewe, ule mwonekano mzima wa blogu uliotengenezwa na wengine, kazi ya wiki nzima, halafu thimu ikajisasisha na kila alichofanya kikafutika. Siku hiyo alikaa nje ya duka akatafuna muwa mzima. Tangu hapo ikawa sheria: thimu kubwa, ile mama, haiguswi. Unatengeneza thimu mtoto, unanakili humo faili unayotaka kubadilisha, unabadilisha nakala. Ya mama ikisasishwa, ya mtoto inabaki na marekebisho yako. Nasikia siku hizi mnahariri templeti ndani kwa ndani bila kugusa faili. Vizuri. Lakini chukueni nakala rudufu. Muwa umepanda bei.

Kabla hatujachora templeti ya Misiba nilikwenda msibani. Nilikaa na akina mama jikoni, namenya viazi, nauliza: tangazo la msiba ukilipata kwenye simu, jicho linatafuta nini kwanza? Wakacheka, kisha wakaniambia, kila mmoja akimrekebisha mwenzake. Jina. Siyo jina la kitambulisho tu, na lile wanalomwita, Baba Fulani, Mama Fulani, maana wapo watu tumeishi nao miaka na jina lao la ubatizo tulilisikia kanisani wakiwa ndani ya jeneza. Kisha msiba uko wapi. Kisha mazishi ni lini. Na kisha, mama mmoja akaacha kisu, akasema, "Na wale wa habari ziwafikie. Mimi redioni nilikuwa nasubiri hapo. Nasubiri nisikie kama nimetajwa."

Nyinyi ni wadogo, labda hamkusikiliza sana redio. Tangazo la kifo lilimalizia kwa majina: habari ziwafikie fulani wa Itigi, fulani wa Kiomboi, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Lile halikuwa pambo. Lilikuwa ni kumwita mtu kwa jina akiwa mbali, na mtu akishaitwa anafunga safari. Asipotajwa, wapo wanaokaa na kinyongo mpaka nao wafe.

Kwa hiyo templeti ya Misiba tuliijenga hivi. Jina, mahali, saa ya mazishi, habari ziwafikie, vyote juu kabisa, kabla ya wasifu. Picha moja, ndogo. Hakuna kitufe. Hakuna "utakazopenda". Hakuna sehemu ya kubandika vikatuni vya kucheka. Maandishi meusi kwenye nyeupe, ukurasa mwepesi kama karatasi, ili ufunguke hata kule ambako mtandao unakuja na kwenda kama mgonjwa wa malaria. Tuliujaribu kwa simu mbovu kuliko zote pale dukani, kioo kimepasuka, nikaenda nayo nyuma ya vilima mpaka alama ya mtandao ikabaki kijiti kimoja. Ulifunguka. Nilishangilia peke yangu kwenye mawe, mbuzi wakaniangalia.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonifanya niandike.

Mtu akifungua ukurasa, blogu inajiuliza maswali kwa zamu, kutoka juu kwenda chini. Chapisho hili limo kwenye Misiba? Likiwemo, livae templeti ya Misiba, na maswali yaishie hapo. Halimo? Je, limo kwenye Kuku? Halimo? Kwenye Michezo? Likikosa kote linavaa ile ya kawaida. Jibu la ndiyo la kwanza ndilo linaloshinda. Ukiweka chapisho kwenye kategori mbili, halivai nguo mbili. Linavaa ya ile iliyoulizwa kwanza. Elia aliliweka swali la Misiba juu kabisa, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Wakati nimejifungua, niko nyumbani na kichanga, Elia ameshahamia Arusha. Wafanyabiashara wa asali wakaja kwa Mama Salome, wanataka kategori yao. Yeye mwenyewe, mama wa watu, miwani puani, akatengeneza templeti nzuri kabisa ya Asali: picha kubwa ya chupa ikijaza kioo kizima, kitufe cha kupiga simu, maelezo yamefichwa nyuma ya "soma zaidi". Akafungua faili la maswali, akabandika swali jipya la Asali pale alipoona ni rahisi kubandika. Juu. Mgeni akapewa kiti cha mbele. Wiki zikapita, hakuna kilichoharibika.

Kisha Mzee Ntandu wa Mwankoko akafariki.

Mnajua kwetu mtu akifa hatutaji jina peke yake. Tunataja alichokuwa, chote. Mzee Ntandu alikuwa mtu wa nyuki, aliuza kuku wa kienyeji, aliimba besi kwenye kwaya tangu ujana. Mama Salome alimfahamu. Akaandika tangazo zuri, akalitia tiki Misiba. Halafu akaona si heshima kuishia hapo. Alikuwa mtu wa asali, akatia tiki Asali. Aliuza kuku, akatia tiki. Kwaya, akatia tiki Dini. Akachapisha asubuhi na linki ikaenda kwenye magrupu.

Alasiri akanipigia. "Mwanangu, njoo. Njoo na mtoto hivyohivyo."

Nilimkuta Anjela, binti wa marehemu, amesimama katikati ya duka, kanga kiunoni, macho makavu. Nikamwambia, "Pole sana na msiba, dada."

"Wewe ndiye wa blogu?"

"Ndiyo, dada."

"Baba yangu mmemweka dukani." Akanipa simu. "Mtu amenipigia kutoka Manyoni ananiuliza lita moja ni shilingi ngapi."

Nikaangalia. Chupa ya asali, kubwa, inang'aa. Juu yake: Mzee Ntandu. Chini: "Piga simu sasa", na namba ya Anjela, ile aliyoiacha kwa ajili ya wanaoulizia mazishi.

Mama Salome alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. "Nilimwekea kila alichokuwa," alisema. "Ningeachaje asali, Anjela? Baba yako na asali?"

Anjela alitaka kujibu kwa ukali, nikaona mdomo umefunguka. Ukafungwa. "Ni kweli alikuwa mtu wa asali, mwalimu," akasema. Kisha akanigeukia. "Mimi ya duka nitasamehe. Shida yangu ni Yohana."

Yohana ni kaka yake, mtoto wa kwanza. Alikuwa porini, mbele kabisa ya Mitundu, kwenye mizinga ya baba yao. Simu huko haishiki. Njia pekee ni muuza duka mmoja wa Mitundu: mtandao ukitua anasoma magrupu, na kukiwa na ujumbe wa mtu wa porini anautuma kwa anayeelekea huko. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nimempata huyo wa duka sasa hivi, sekunde chache, ikakatika," Anjela alisema. "Namwambia, linki hukuiona tangu asubuhi? Ananiambia aliiona. Picha ya asali. Alidhani ni biashara ya mzee, akawapelekea wenye asali wenzake. Simu ikakatika hata sijamwambia baba amekufa."

Tangu asubuhi. Habari ilifika Mitundu tangu asubuhi, imevaa nguo ya dukani, na mtu mwenye nia njema akaigawa kama tangazo la biashara.

Nilikaa kwenye kompyuta na mtoto mgongoni. Kosa nililiona mara moja, mstari mmoja. Nikalihamisha swali la Misiba juu. Nikafuta kumbukumbu za muda za blogu, zile zinazoshikilia sura ya zamani. Ukurasa ukarudi kama unavyotakiwa: jina, mahali, saa, majina. Nikatuma linki. Ile chupa ya asali ikatokea tena.

Jifunzeni hapa kwa bei nafuu. WhatsApp huikumbuka picha ya anwani iliyoiona mwanzo. Wewe umesharekebisha ukurasa, yenyewe bado inaonyesha ya zamani. Usikae unabofya na kutukana. Badili anwani ya chapisho, yale maneno ya linki, hata kwa neno moja, ili ionekane ni kitu kipya. Nilikuwa nayafanya hayo mtoto akaanza kulia, kile kilio cha kukaza miguu. Nikawa nachapa huku natikisika kama mashine ya kusaga. Anjela akamfungua mgongoni kwangu bila kuuliza, akamlaza begani, akawa anampigapiga mgongo anatembea naye kati ya maboksi. Yeye ndiye aliyefiwa, na yeye ndiye aliyekuwa anabembeleza.

Linki ya pili ilitoka safi. "TANZIA. Mzee Ntandu, Baba Yohana. Mazishi kesho saa nane mchana, Mwankoko. Habari zimfikie Yohana aliyeko porini Mitundu, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Hayo yalionekana hata bila kufungua. Anjela akaituma kwa yule wa duka.

Tiki moja.

Tukaiangalia. Tiki moja, ya kijivu. Mtandao wa Mitundu ulishaondoka. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena mpaka Mama Salome akasema kwa sauti ndogo, "Acha, mwanangu, utamaliza chaji." Tiki ya pili iliingia kesho yake jua limeshapanda. Muuza duka alifanya kila kitu sawa: alimtuma mtu kwa pikipiki saa ileile, na aliyetumwa alikimbia kweli. Kule makaburini walimsubiri Yohana. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, waliotoka mbali wakaanza kuangalia jua, na saa kumi mchungaji akamsogelea Anjela akamnong'oneza. Udongo wa kwanza alitia Anjela.

Yohana alifika watu wananawa mikono.

Sasa mniulize tena kama kuna shida. Hasira yangu si kwa Mama Salome, alimpenda yule mzee kuliko alivyoijua kompyuta, na ndiyo maana alitia tiki zote zile. Hasira yangu ni kwa neno "zinatuchanganya". Faili zinawachanganya nyinyi mliokaa kwenye kiti, chini ya feni. Zilitengenezwa ili zisimchanganye mtu aliyesimama Mitundu na kijiti kimoja cha mtandao, anayetazama kwa nusu dakika kisha anamhudumia mteja. Huyo hatawaandikia meseji kulalamika. Hatajua hata kama mlikosea. Ataipitisha kwa wenye asali.

Mkitaka kupunguza, punguzeni. Michezo na Mikutano zinaweza kuvaa sura moja, sitagomba. Templeti ya Kuku imezeeka, itupeni. Lakini kila kategori mpya mnayoongeza, iwekeni chini ya Misiba. Msiangalie tu kama chapisho jipya limekaa vizuri. Chukueni la zamani, lenye tiki nyingi, mlifungue kwa simu mbovu. Na msimkataze mtu kutia tiki kila alichokuwa marehemu. Ni haki yake. Kazi yetu ni kupanga maswali ili heshima hiyo isimgeuze bidhaa.

Siku kadhaa baada ya matanga nilikuwa pale dukani kukabidhi nywila, funguo za hiyo blogu. Akaingia mwanaume mrefu, uso umevimba upande mmoja kwa nyuki. Akasalimia vizuri, akauliza kama anaweza kuliona tangazo la baba yake, maana simu yake haina intaneti. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mama Salome aliinuka akaenda kusimama kwenye fotokopi, akaiwasha bila karatasi.

Nilimfungulia. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari hewani.

"Saa nane," alisema. "Saa nane nilikuwa Itigi, natafuta usafiri."

Nilimwambia pole. Akaitikia, "Nimeshapoa, mama." Kisha akasogea karibu na kioo.

"Hapa bado mnanitafuta."

"Wapi?"

"Hapa. Habari zimfikie Yohana." Akageuza uso, lile jicho lililovimba halifunguki vizuri. "Zimenifikia. Unaweza kunitoa?"

Nilikaa nikafungua chapisho, nikafuta. Sikuchagua sentensi yote kwa mara moja. Nilirudi nyuma herufi kwa herufi, yeye akiangalia, mpaka jina lake likaisha na sentensi ikabaki na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Nikahifadhi. Nikamwonyesha ukurasa.

Hakuondoka. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akaniomba nimrudishie juu, alisome tangu mwanzo.